Homa ya Kompyuta ya Shangazi

Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi mchana wakati kompyuta ya shangazi ilipozima yenyewe kwa mara ya kwanza. Nakumbuka saa hiyo kwa sababu shangazi mwenyewe aliitamka kwa sauti, macho yake yakiwa kwenye saa ya ukutani, kama mtu anayetaka shahidi.

"Saa nane kasoro kumi," alisema. "Umeme upo. Redio ya Mzee Mhina inaimba. Sasa hii imekuwaje?"

Kwa miaka mingi sikuwa nimeifikiria siku ile. Iliyoirudisha ni kitambaa. Baada ya arobaini ya shangazi, ndugu tulikaa kugawana vitu vyake vidogo, na mimi nikachagua kitambaa cheupe cha kufuma, cha mviringo, chenye doa la kahawia ukubwa wa kiganja upande mmoja. Binamu yangu alicheka. "Vyote hivi, dada, wewe unachukua kilichoungua?" Nilirudi nacho Handeni, kwenye chumba ninachotengenezea kompyuta, nikakiweka mezani. Kando yake palikuwa na mashine ya mteja kutoka Kang'ata, sanduku jembamba ambalo mtu alikuwa amebananisha feni tatu ndani yake bila mpango. Nilipofungua ubavu wa lile sanduku, ikatoka harufu kavu ya vumbi lililopashwa moto kwa muda mrefu, harufu ya kati ya pasi ya mkaa na gunia kuukuu. Nikakiinua kitambaa, nikakinusa. Kilikuwa na harufu ile ile, hafifu, baada ya miaka yote hiyo na sabuni zote hizo.

Nilikuwa darasa la tano nilipotolewa kwa bibi yangu, kijijini Sindeni, na kupelekwa kuishi na shangazi Korogwe mjini. Shangazi alikuwa dada wa baba, mwanamke mrefu asiye na mtoto, aliyejifunza kupiga taipureta akiwa msichana na hakuacha tena. Mtaa mzima ulimwita Mama Taipu. Alikuwa amepanga chumba kimoja kando ya barabara ya vumbi, kati ya duka la nafaka na karakana ya Mzee Mhina, seremala. Chumba kilikuwa chembamba kiasi kwamba mteja akiingia, aliyekuwamo ilibidi asimame. Bati lilikuwa juu ya vichwa vyetu moja kwa moja, bila dari.

Mwaka ule shangazi aliweka taipureta chini ya kitanda na kununua kompyuta mkononi kwa mtu wa Tanga. Kwangu mimi, ambaye nyumbani umeme ulikuwa wa tochi, lile sanduku tunaloliita sipiyu lilikuwa kiumbe. Lilikuwa na taa mbili, moja ya kijani isiyofumba na moja nyekundu inayopepesa, na kutoka ndani yake ilitoka sauti ya chini isiyokatika. Nilijua ni feni, shangazi aliniambia. Lakini nilidhani feni ile ndiyo inayopuliza herufi kutoka kwenye vitufe mpaka kwenye kioo, na kwamba herufi zikiwa nyingi inachoka.

Shangazi aliipenda mashine ile kwa namna aliyoijua. Alimwagiza Mzee Mhina atengeneze meza yenye kabati chini yake, kabati la mninga lenye mlango na kufuli, na sipiyu likaingia humo, mbali na vumbi la barabara na mikono ya watu. Waya zilipita kwenye tundu dogo, linalotosha kidole. Kisha akafuma kitambaa. Alikifuma jioni baada ya jioni, akakifua, akakitia uji mwepesi wa muhogo na kukianika mpaka kikakakamaa kama karatasi ya barua, maana kitambaa kisichokakamaa, kwa shangazi, kilikuwa ni dalili ya mwanamke mvivu. Akakitandika juu ya sipiyu, ncha zikishuka mbele na nyuma. Ndivyo redio ilivyovishwa katika kila nyumba niliyoijua, na jokofu kwa wenye nalo. Kitu cha thamani hakikuachwa uchi.

Siku ya pili ikazima tena, saa ile ile, pengine ikapungua dakika chache. Shangazi alisubiri, akaswali, akaiwasha, ikawaka. Ikakaa kidogo, ikazima. Asubuhi iliyofuata ilikuwa nzima kabisa, ikafanya kazi kama vile hakuna kilichotokea.

Hapo ndipo nilipoijua ilivyo. Sindeni nilikuwa nimewaona watoto wakiugua hivyo. Asubuhi mtoto anacheza, anakula kiporo, unasema amepona. Mchana, saa ile ile ya jana, anajikunyata juani na meno yanagongana. Niliweka nyuma ya mkono wangu kwenye mlango wa kabati kama bibi alivyoniwekea mimi kwenye paji la uso. Mbao zilikuwa na moto.

"Shangazi," nilisema, "ina homa."

Alicheka mpaka akaketi. "Basi kamwitie daktari."

Daktari mwenyewe alikuja. Alikuwa Fundi Hiza, kijana mwenye mkoba wa bisibisi aliyekuwa akija Korogwe kwa basi kutoka Tanga kuhudumia ofisi mbili tatu. Alikuja asubuhi, mashine ikiwa imelala usiku kucha na kupoa. Shangazi alikwisha kulitoa sipiyu nje ya kabati na kuliweka mezani, akakikunja kitambaa pembeni, maana hakutaka mgeni apekue kabatini mwake. Fundi aliiwasha, akasubiri, akaigonga gonga, akasubiri tena. Haikuzima.

"Mama, ugonjwa wa kujificha huu ndio mbaya," alisema. "Ninavyoona, kifaa cha kupokea umeme kimechoka, na inawezekana kimeharibu na bodi. Tubadilishe vyote viwili. Pamoja na nauli yangu, laki moja na themanini. Jumamosi navileta."

Shangazi alikubali kwa kichwa tu. Fundi alipoondoka, shangazi alisimama mlangoni kwa Mzee Mhina, nami nikasikia yote, maana ukuta kati yetu ulikuwa wa mbao.

"Laki na themanini ninayo," alisema. "Lakini ndiyo kodi ya chumba ya nusu mwaka. Nikimpa Hiza, mwenye nyumba atanitoa. Nisipompa, mashine inakufa na mwalimu anapeleka mitihani Tanga."

"Kopa," alisema Mzee Mhina.

"Nikope nini, na juu ya nini? Ikifa hii, mzee, nauza kilichobaki, narudi Sindeni kulima. Na huyu binti atarudi kwa bibi yake."

Mitihani aliyoitaja ilikuwa ya majaribio, ya shule za kata nzima, iliyoandikwa kwa mkono na walimu tofauti wenye miandiko tofauti. Mwalimu mkuu aliileta akiwa ameifunga kwa kamba ya katani. "Jumatatu asubuhi, Mama Taipu. Ikishindikana uniambie mapema." Shangazi akajibu, "Haishindikani, mwalimu," kwa sauti aliyoitumia kwa wateja, ambayo haikuwa ya nyumbani.

Sikutaka kurudi Sindeni. Nilimpenda bibi, lakini shule ya kule ilikuwa mbali na Korogwe palikuwa na mashine iliyokuwa ikiugua mbele ya macho yangu, na nilitaka kujua.

Kwa hiyo siku iliyofuata niliitibu. Darasa letu lilikuwa zamu ya mchana wiki ile, na asubuhi nilikuwa dukani. Mwenye homa hufunikwa gubi gubi atoke jasho. Hivyo ndivyo nilivyofanyiwa mimi, na nilipona. Shangazi alipokwenda sokoni nilifungua kabati, nikaongeza kanga yake nzito juu ya kitambaa, nikaibana vizuri pande zote, nikafunga mlango. Shangazi aliporudi akaanza kuchapa mtihani wa sayansi. Haikufika hata adhana ya adhuhuri. Ilizima katikati ya swali la moyo na mapafu, na ukurasa mzima ukapotea nayo.

Shangazi alifungua kabati kuangalia waya, akaikuta kanga yake. Aliitoa polepole. Ilikuwa na joto kama nguo iliyotoka kupigwa pasi.

"Nani ameweka?"

"Mimi, shangazi. Nilitaka itoke jasho."

Nilijiandaa kwa kofi. Badala yake alikaa kwenye kigoda, kanga mapajani, akaitazama. "Jasho," alisema. Kisha akaanza kucheka, na kicheko kilikuwa na machozi karibu yake. "Mwanangu, hii ni chuma na plastiki. Haina pa kutolea jasho."

Nilikwenda shule na maneno hayo. Haina pa kutolea. Mwalimu alikuwa akifundisha visehemu na mimi nilikuwa nikifikiri hivi: nimeifunika, imeugua mapema zaidi. Kama kufunika kumezidisha, basi kufunua kutapunguza. Sasa naijua njia hiyo ya kufikiri kwa jina lake na nimeitumia maisha yangu yote, lakini siku ile ilinijia kama kitu nilichokiokota njiani, bado sijui ni cha nani.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Kila Ijumaa asubuhi shangazi alifukiza ubani dukani kabla ya kufungua. Aliweka chetezo sakafuni, mbele ya meza, akawasha kompyuta ili iwe tayari, akatoka kuchota maji. Nilibaki ndani peke yangu. Mlango wa duka ulikuwa umefungwa, jua likaingia kwa mstari mmoja kwenye ufa wa mbao, na moshi ukapita ndani ya mstari ule nikauona waziwazi. Haukupanda. Ulijipinda kuelekea kabatini kama uzi unaovutwa, ukaingia kwenye ufa wa chini ya mlango.

Nilisubiri utokee mahali pengine. Niliangalia tundu la waya: kidogo sana, pumzi ya mtoto mchanga. Nikafungua mlango wa kabati.

Moshi ulikuwa bado umo. Ulikuwa unatoka nyuma ya sipiyu, pale penye feni, unagonga kitambaa kilichoshuka kama ukuta, unapanda, unapita juu, unashuka mbele, na pale mbele, kwenye vitundu vya chini, unaingia tena ndani. Kisha nyuma tena. Nikaweka mkono mbele, mahali ambapo mashine ilikuwa inavuta hewa, nikakuta ni hewa ya moto. Ilikuwa ikivuta ileile iliyoitoa.

Nilimngoja shangazi mlangoni. Alikuwa na ndoo kichwani nikaanza kusema kabla hajaitua.

"Shangazi, inakula matapishi yake!"

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo, shangazi. Inakula matapishi yake."

Alinifuata, akainama, akatazama moshi unavyozunguka. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha nikagusa ncha ya nyuma ya kitambaa, pale ambapo doa la kahawia lilikuwa limeanza kujionyesha.

"Hiki ndicho kinachoziba," nilisema.

Uso wake ulibadilika. "Nimekifuma mwezi mzima. Nimekitia wanga kwa mikono yangu. Leo unaniambia kinaua mashine?"

"Sijasema kinaua, shangazi. Nimesema kinaziba."

Alikivua. Alikikunja mara nne, akakiweka kwenye mkoba wake, akaacha mlango wa kabati wazi. Saa nane kasoro kumi ikafika, sisi wote wawili tukiiangalia saa badala ya kazi. Ikapita. Saa nane ikapita. Shangazi alirudi kuchapa, vidole vikikimbia. Wiki ile nilipaswa kuwa shuleni mchana na hakuna aliyenikumbusha.

Saa kumi ikazima.

Ningependa kuandika kwamba tulikuwa tumeshinda, lakini hatukuwa tumeshinda. Bati lilikuwa limewaka tangu asubuhi, na hewa iliyomo chumbani kote ilikuwa moto. Feni moja haikutosha kuisukuma. Shangazi alihesabu kurasa zilizobaki, hakuniambia ni ngapi.

Jumamosi Fundi Hiza alishuka kwenye basi na vifaa vyake kwenye mfuko wa nailoni. Shangazi alikuwa ameweka bahasha mezani. Lakini kabla hajaisogeza, alisema, "Fundi, huyu mtoto ana neno. Msikilize, halafu tutaendelea."

Nilimweleza. Kanga, moshi, saa kumi. Fundi hakucheka. Aliomba kuonyeshwa kitambaa, akakitazama upande wa doa, akakirudisha.

"Mama," alisema, "umeivisha baibui kwenye joto la Korogwe."

"Koma wewe. Hata mimi navaa, mbona sizimi?"

"Wewe unatembea, mama, unapata upepo. Hii umeifungia kabatini." Akanigeukia. "Mimi ilinipasa niombe kuiona mchana, na mahali inapokaa. Nilikuja asubuhi, nikaikuta mezani. Haya, tusifungue hivi vifaa kwanza."

Mkobani mwake alikuwa na feni iliyotolewa kwenye mashine iliyokufa, nyeusi, ya mraba, yenye mabawa saba. Alisema tuifunge mbele, chini, isaidie. Akaifunga kwa haraka kwa waya, akaiwasha. Ilivuma vizuri. Shangazi akashukuru. Lakini mimi nilikuwa nimewasha chetezo nimwonyeshe moshi, na makaa bado yalikuwa na uhai. Nikaweka punje mbili za ubani, nikakisogeza mbele ya feni mpya.

Moshi ulinipiga usoni.

"Inapuliza nje," nilisema nikikohoa. "Na ya nyuma inapuliza nje. Sasa ya kuingia iko wapi?"

Fundi alipiga paja lake. Aliifungua, akanipa niishike. "Tazama. Upande huu uko wazi, huu una miguu minne inayoshika mota. Hewa inaingia upande wa wazi, inatoka upande wa miguu. Siku zote. Nami nimeigeuza kwa haraka yangu. Wewe ulidhani feni inaleta baridi?"

"Ndiyo."

"Hapana. Feni haileti baridi. Inahamisha hewa tu, kama mtu anayebeba ndoo. Ukiwaweka wabebaji wawili wote wanatoa maji, hakuna anayeleta, kisima kinakauka. Ukiwaelekeza wamwagiane, wanalowana bure. Mmoja alete, mmoja atoe. Anayeleta akae chini kwenye ubaridi, anayetoa akae juu, maana joto linapenda kupanda."

Aliigeuza. Niliweka chetezo tena. Moshi ulivutwa chini, mbele, ukatokea nyuma kwa nguvu, ukagonga ubao wa kabati na kuanza kurudi.

"Bado kabati," nilisema.

Mzee Mhina aliitwa. Alikuja na msumeno wa ncha na uso wa mtu aliyetukanwa. "Mninga huu nimeupiga randa siku mbili. Mnataka niutoboe?"

"Panya wataingia," alisema shangazi, naye akiwa na wasiwasi. "Na vumbi."

"Utaweka wavu wa banda la kuku," alisema fundi. "Na vumbi utalipangusa kila Ijumaa, ukimaliza ubani wako."

Mzee Mhina alikata tundu pana chini ya mlango wa mbele, na lingine nyuma, juu kabisa, ukubwa wa sahani. Kila alipovuta msumeno shangazi alikunja uso. Alipomaliza tulifunga mlango na fundi akanipa nafasi ya mwisho na chetezo. Moshi uliingia chini. Ukatokea juu nyuma, mnyoofu, ukapanda ukutani mpaka kwenye bati, ukatoka nje kwenye upenyo wa kenchi. Haukurudi.

Fundi aliweka vifaa vyake kwenye mfuko wa nailoni, akakataa malipo ya feni, akasema ilikuwa imekaa tu mkobani. Shangazi alimnunulia wali na samaki kabla ya basi. Mzee Mhina alitaka elfu mbili na akapewa.

Jumapili shangazi alichapa tangu alfajiri mpaka magharibi. Bati liliwaka kama kawaida. Saa nane kasoro kumi, bila kuacha kuchapa, alinyoosha mguu chini ya meza na kuugusa mlango wa kabati kwa unyayo.

"Vipi?" nilimuuliza.

"Vuguvugu," alisema. "Homa imeshuka."

Jumatatu mwalimu mkuu alichukua mitihani yake. Nilibaki Korogwe mpaka nilipomaliza shule, na miaka iliyofuata nilijifunza mengine yote kwa kufungua, kuharibu na kusoma vitabu vya mitumba. Mashine ya Kang'ata niliimaliza wiki iliyopita: mbili chini mbele zinaleta, moja juu nyuma inatoa, waya zimefungwa pembeni zisizuie njia, na kabla ya kuirudisha niliwasha ubani. Mteja aliuliza kama ni dawa. Nikamwambia ni kipimo.

Kitambaa hakikurudi tena juu ya sipiyu. Shangazi alikitandika kwenye kiti cha wateja, upande wa doa ukiwa chini. Lakini tundu la nyuma ya kabati halikufichika, na kila mgeni aliliuliza, maana lilikuwa baya, kingo zake zimekwaruzwa na msumeno na wavu wa kuku umepigiliwa kwa misumari ya viatu. Na kila mara shangazi alijibu vilevile, bila kugeuka kutoka kwenye kioo. Nilimsikia akijibu hivyo hata mwaka jana, macho yakiwa yamekwisha kudhoofika, mtoto wa jirani alipotia mkono humo na kumuuliza tundu hili ni la nini.

"Ondoa mkono, baba. Hilo ni tundu la shilingi laki moja na elfu sabini na nane."